Sanduku la Buluu la Mama Kidole

Katika mtaa ule kila mtoto aliyejua kutembea alimjua Mama Kidole, na wengi wao walimkimbia. Wakimwona anatoka dukani na kikapu chake walipiga kelele, "Mama Kidole huyo!" kisha wakaficha mikono nyuma ya migongo, kana kwamba angewachoma pale pale barabarani. Yeye hakukasirika. "Kimbieni tu," aliwaambia. "Siku ya homa mtaletwa mmebebwa."

Kazi iliyomlisha ilikuwa kusuka nywele. Barazani kwake palikuwa na kiti cha mbao alichokalia yeye, kigoda cha mteja mbele ya miguu yake, kopo la mafuta na chanuo lililopungukiwa meno. Wanawake waliketi pale vichwa vyao vikiwa katikati ya magoti yake, na habari zote za mtaa zilipita hapo: nani kagombana na mwenye nyumba, nani kanunua godoro jipya na kwa nini. Mumewe, ambaye alikuwa mwashi, akirudi jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi, alikuwa akiwatania: "Nyie hamsuki. Mnaendesha redio."

Mpango wa kutibu malaria mitaani ulipoanzishwa, wakazi walitakiwa kumchagua mmoja wao afundishwe kupima na kutoa dawa. Wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi ng'ambo ya ua, ndiye aliyesimama mkutanoni na kumtaja. "Watoto wetu wanashinda barazani kwake wakati sisi tunasukwa," alisema. "Mtoto akichemka, wa kwanza kumgusa ni yeye. Tumtafute nani mwingine?" Watu walicheka, mikono ikainuka, na jambo likaisha.

Alifundishwa na tabibu wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya korongo. Alijifunza kuchoma ncha ya kidole, kuweka tone la damu kwenye kipimo, kusubiri, na kusoma mistari. Mstari mmoja, hakuna malaria, mtoto apelekwe zahanati atafutwe ugonjwa mwingine. Mistari miwili, dawa. Alirudi nyumbani na sanduku la bati la rangi ya buluu lenye kufuli, na ufunguo wake akautunga kwenye uzi mweusi wa kusukia, akauvaa shingoni. Aliuvaa akipika, akioga na akilala. Mumewe alisema kwamba hata pete ya ndoa haikuwahi kupata heshima ile.

Dozi ya kwanza mtoto alimeza mbele yake, kwa kikombe cha Mama Kidole mwenyewe. Akitapika, walianza upya. Dawa iliyobaki mama aliondoka nayo, na maneno yale yale yakimfuata hadi kwenye geti: "Mmalizie dozi, hata akipona."

"Hata akicheza mpira?" kina mama walimchokoza, kwa sababu jibu walilijua.

"Hata akifunga goli."

Mtihani wake mkubwa ulikuja msimu wa mvua, na ulimjia kupitia mtoto wa wifi yake, kitinda mimba waliyemwita Kadogo. Wifi alivuka ua akikimbia, mtoto mikononi, macho yamegeuka na mwili unatetemeka. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumeza. Mama Kidole alifungua sanduku, akatoa dawa ya dharura inayowekwa njia ya haja kubwa, akaiweka kama alivyofundishwa, kisha akamfunga Kadogo mgongoni na kuelekea korongoni. Maji yalifika kiunoni. Wifi alikuwa nyuma yake, ameshika ncha ya kanga yake kama mtoto aliyeogopa kupotea. Zahanati, tabibu alimtazama mtoto, akamtazama Mama Kidole aliyekuwa akichuruzika matope, akasema, "Kama si ile dawa ya mwanzo..."

Tangu siku ile Kadogo hakumkimbia tena. Akimwona mke wa mjomba wake alimnyooshea kidole mwenyewe, hata akiwa mzima. "Nichome," alisema, na Mama Kidole alijifanya kumchoma kwa ukucha, wote wawili wakacheka.

Basi tabibu alipokuja siku moja na pikipiki yake kuleta habari za tathmini, Mama Kidole hakuona sababu ya kuogopa.

"Watakuja watu kutoka makao makuu ya mpango," tabibu alisema, akiwa bado amekalia pikipiki. "Watapita nyumba kwa nyumba kuwauliza kina mama kama huduma inawafikia. Wakiona inafanya kazi, sanduku linabaki na mitaa mingine inapata. Wakiona haifanyi kazi, wanaliondoa."

"Wataona inafanya kazi, Daktari."

"Sina shaka. Lakini sikiliza vizuri, mama. Usiwafuate huko majumbani. Na usimwambie mtu aseme nini. Hata neno moja. Wakijua umewapanga watu, umeharibu kila kitu."

"Siwezi kupanga watu, mimi. Watasema wenyewe."

Na kweli alinyamaza. Huenda hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, kwa kuwa baraza lile halikuzoea kunyamaza. Vichwa vilikuja, vikainamishwa, na maswali yakaanza.

"Shoga, hao wageni wanakuja kufanya nini hasa?" aliuliza Mama Pacha, mama wa mapacha waliokuwa wakiugua zamu kwa zamu.

"Kuuliza maswali."

"Maswali ya nini?"

"Mtayasikia."

"Makubwa haya! Leo redio imeharibika?"

Mama Kidole aliuma midomo akaendelea kusuka. Wifi yake, aliyekuwa akisubiri zamu kwenye mkeka, hakucheka. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kigoda, akauliza polepole bila kugeuka, "Wifi, tukisema mazuri tunapata nini?"

"Sijui."

"Tukisema mabaya je?"

"Wifi, nimekatazwa kuzungumzia hayo. Tafadhali."

"Umekatazwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe," wifi alirudia. Nywele zilipoisha alilipa, jambo ambalo hakuwa akilifanya, maana baina yao nywele zilikuwa za undugu. Mama Kidole alibaki na noti mkononi, akadhani wifi ana hasira za nyumbani kwake.

Hapa inafaa nieleze kisa cha pampu, kwa sababu bila hicho mtu anaweza kuwaona wanawake wale kuwa wabaya kuliko walivyokuwa. Miaka ya nyuma walikuja watu wengine, nao wakiwa na maswali, ila wao waliuliza juu ya maji. Wakazi wa mtaa ule, kwa adabu, walijibu kwamba kisima kipo na wanashukuru. Wakazi wa ng'ambo ya pili ya barabara walilia kwamba wanakunywa maji ya madimbwi. Kabla ya mwaka kuisha wale wa ng'ambo walikuwa na pampu ya chuma inayong'aa, na hawa wa adabu walikuwa wakienda huko na ndoo zao kuomba. Jambo lile halikusahaulika. Mtu akimsifu mgeni kupita kiasi, wenzake walimwambia, "Endelea, utatukosesha pampu nyingine."

Siku ya tathmini Mama Kidole alifagia baraza kabla ya kumwagia kuku chakula. Alilifuta sanduku kwa kitambaa chenye sabuni, akapanga vipimo upande mmoja na dawa upande wa pili, kisha akakaa. Mtathmini alikuwa msichana mwembamba mwenye viatu vya wazi na kishikwambi kwapani. Mama Kidole alimwona akiingia kwa Mama Pacha, akitoka, akiingia kwa muuza maji, akitoka, akikaa muda mrefu kwa wifi. Alijizuia hata kumpungia mkono. Kina mama waliopita mbele ya baraza siku ile walikuwa na haraka isiyo ya kawaida. Mama Pacha alipita akiwa ameinamisha macho kwenye ndoo tupu, kana kwamba ndani yake mna kitu.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho. Mtathmini alikagua sanduku, akahesabu kilichobaki, akasoma tarehe za kuisha kwa dawa, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akakunja uso.

"Mama, kuna kipindi ulisafiri? Au uliumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nipo hapa hapa."

"Huwa unafunga? Yaani kuna siku huwapokei watu?"

"Mlango wangu si unauona? Hauna hata komeo. Kwa nini unauliza?"

Msichana alisita. "Siruhusiwi kusema watu wamejibu nini. Asante kwa ushirikiano wako, mama."

Mama Kidole alimsindikiza hadi kwenye geti, akarudi, akafungua sanduku akalitazama tena. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Majibu yalisomwa wiki chache baadaye, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigota mbao. Tabibu alikaa mbele karibu na ubao, na mtathmini akasimama na karatasi zake. Mama Kidole alikuwa amevaa gauni lake la kijani la harusini na ufunguo juu yake, nje, watu wauone.

"Zaidi ya nusu ya kina mama tuliowahoji," mtathmini alisoma, "walisema kwamba watoto wao walipopata homa hawakupimwa wala kupewa dawa hapa mtaani. Wengi walisema hawajawahi kumwona mhudumu. Kwa hiyo makao makuu yameamua huduma hii isimamishwe hapa, na sanduku lirudishwe zahanati."

Mama Kidole alifikiri amesikia habari za mtaa mwingine. Aligeuka kumtafuta mtu wa kumwambia wamekosea, na kila uso alioutafuta ulikuwa umetazama kwingine.

Kisha muuza maji akainua mkono. Alikuwa mtu wa moyo mweupe, asiyejua kusoma hali ya chumba. "Tumeelewa, dada," alisema kwa furaha. "Sasa hiyo zahanati yetu inaanza kujengwa lini?"

"Zahanati gani?"

"Ya kwetu. Si tumesema dawa hatupati?"

Mtu alimpiga kiwiko. Muuza maji akashangaa. "Mbona unanigonga? Si wifi wa Mama Kidole ndiye aliyepita akitwambia tuseme hivyo? Kwamba tukisema tunatibiwa, tutaachiwa kisanduku, na tukisema hatutibiwi, tutajengewa?"

Mtathmini aliangalia karatasi zake, kisha akawaangalia watu, kisha tena karatasi. "Hakuna aliyeahidi zahanati," alisema kwa sauti ndogo. "Na ripoti imeshapelekwa. Uamuzi umeshatoka." Akamgeukia tabibu. "Daktari, wewe ndiye msimamizi. Una la kuongeza?"

Mama Kidole alimtazama tabibu. Huyu alimwona na matope. Huyu alimpokea Kadogo mikononi.

"Hapana," tabibu alisema, akifuta chaki isiyokuwepo kwenye suruali yake. "Wananchi wenyewe wameshasema."

Ndipo Mama Kidole aliposimama. Dawati lilikuwa dogo na gauni lilinasa msumari, akalazimika kulivuta mbele ya watu wote.

"Mama Pacha," alisema. "Wanao waliumwa mwezi uliopita. Nani aliwatibu?"

"Wewe," alijibu Mama Pacha, kwa kunong'ona.

"Dozi ya kwanza walimezea wapi?"

"Kwako. Kwa kikombe chako."

"Ukajibu nini ulipoulizwa?"

Mama Pacha alianza kulia. Mama Kidole hakuuliza tena. Wifi yake alikuwa kwenye dawati la nyuma, amekaza macho darini kama anayehesabu mabati. Angeweza kumuuliza yeye. Badala yake alivua uzi shingoni, na kwa kuwa fundo lilikuwa la siku nyingi ulimvuta nywele za kisogo kabla haujatoka. Aliuweka ufunguo mezani mbele ya tabibu, akatoka.

Nje tabibu alimfuata. "Ningesema nini, mama? Niwaite wananchi waongo mbele ya wageni?"

"Uliniambia nisiseme hata neno moja," alisema. "Nilikutii. Nilidhani tumekubaliana kwamba na wewe utasema la kwako."

Sanduku lilichukuliwa siku iliyofuata, likafungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira. Mumewe alitaka kwenda kugombana na dada yake. Alimkataza. "Ukienda wewe, yatakuwa ya ndugu wawili, na mtapatana. Haya ni yangu." Kwenye baraza paliposimama sanduku palibaki alama ya mstatili, sakafu ikiwa nyeusi kuliko pengine, na hakupafagia.

Wifi alikaa mbali kwa majuma kadhaa. Kisha asubuhi moja akavuka ua na chanuo lake, Kadogo akiburutwa nyuma, akakaa kwenye kigoda kama siku zote.

"Nisuke twende kilioni," alisema, akitaja mtindo wa mistari ya kwenda nyuma. "Za kawaida tu."

Mama Kidole alimtazama kisogo. Nywele zilikuwa zimetimka, za mtu ambaye amekuwa akisubiri. Alichukua chanuo, akagawa, akaanza mstari wa kwanza. Vidole vilifanya kazi vyenyewe.

"Nilitaka zahanati," wifi alisema hatimaye, akiiambia sakafu. "Ulibeba mtoto wangu kwenye maji, wifi. Maji yale hayajatoka kichwani mwangu. Nilisema safari nyingine mtoto asivushwe na mtu, tiba iwe hapa. Ungepata hata wewe kazi humo ndani, na koti jeupe."

"Ungeniambia."

"Nilikuuliza! Hapa hapa, kwenye kigoda hiki. Ukaniambia umekatazwa. Nikajua wewe na wakubwa wako mmeshapanga, na sisi tumeachwa nje."

"Sikuwa na mkubwa, wifi. Nilikuwa nafuata sheria."

"Na ningekuambia nilichotaka kufanya, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Unaona sasa."

"Ninaona," alisema Mama Kidole. "Ulijua nisingekubali, ndiyo maana ulipita kwenye nyumba zote ukaruka yangu."

Mistari ya upande mmoja ilikuwa imefika kisogoni Kadogo alipokuja kujiegemeza kwenye paja la mke wa mjomba wake. Alinyoosha kidole. "Nichome," alisema, lakini hakucheka, na kidole kilikuwa cha moto.

Mkono wa Mama Kidole ulienda shingoni. Ulipapasa pale pasipokuwa na uzi, ukabaki hapo.

"Ana homa?" wifi aliuliza, na mara hii aligeuka.

"Inuka. Twende."

"Na nywele?"

"Jitande kanga."

Alimfunga Kadogo mgongoni. Korongo halikuwa na maji mengi, lakini njia ilikuwa ile ile, na wifi alitembea nyuma vile vile, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama chini ya kanga. Wifi alipojaribu kumshika ncha ya nguo mahali penye utelezi, Mama Kidole aliharakisha hatua.

Zahanati palikuwa na foleni. Zamu yao ilipofika tabibu alimchoma Kadogo, na mtoto akalia kwa kuwa alichomwa na mgeni. Mistari miwili. Tabibu akatoa vidonge, akatafuta kikombe cha maji, akainama chini ya meza akafungua sanduku la buluu. Kufuli halikuwepo. Ndani mlikuwa na vikombe, sukari kwenye mfuko uliofungwa kwa mpira, na majani ya chai.

Aliona anatazamwa. "Panya ni wengi hapa," alisema.

Mama Kidole alikipokea kikombe, akanusa sukari ukingoni, akamnywesha Kadogo. Alisubiri kuona kama atatapika. Hakutapika.

Waliporudi jua lilikuwa limeanza kupungua makali. Walimlaza mtoto, na wifi akasimama kwenye ukingo wa baraza, kanga mkononi, asijue aende au akae. Kwa kichwa kile asingeweza kupita barabarani bila kuchekwa.

"Kaa," Mama Kidole alisema.

Alikaa. Mama Kidole alisuka upande uliobaki, mstari kwa mstari, ukilingana na wa kwanza, bila kuvuta sana wala kulegeza. Wanawake waliopita waliwaona, wakadhani yameisha. Alifunga ncha ya mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Asante, wifi," alisema wifi yake, na machozi yalikuwa karibu. "Jumamosi ijayo nimlete na binti yangu mkubwa asukwe?"

"Dawa mpe asubuhi na jioni. Mmalizie dozi, hata akipona."

"Nitammalizia. Na Jumamosi?"

Mama Kidole alikusanya chanuo, kopo la mafuta na uzi. Kisha aliinama akachukua kigoda, kigoda ambacho hata mvua ikinyesha kilikuwa kikilala nje, akakiingiza ndani.

"Kichwa hiki nilikianza, nimekimaliza," alisema kutoka mlangoni. "Kwa kingine, tafuta msusi."